Mawimbi yaliyokufa mapema: kisa cha plazmoni za grafini

Tarehe 5 Julai 2012 jarida la Nature lilitoka na makala mbili zilizofuatana, moja ikianzia ukurasa wa 77 na nyingine ukurasa wa 82. Ya kwanza ilitoka Hispania, kwa ushirikiano wa taasisi ya ICFO iliyo karibu na Barcelona, nanoGUNE ya San Sebastián na kituo cha utafiti cha CSIC mjini Madrid. Walioongoza kazi hiyo ni Frank Koppens, Rainer Hillenbrand na Javier García de Abajo. Ya pili ilitoka Marekani, katika maabara ya Dimitri Basov, Chuo Kikuu cha California, San Diego. Kila timu ilikuwa na sampuli zake na vifaa vyake. Zote mbili zikaja na picha za kitu kilekile: mawimbi ya elektroni, yaitwayo plazmoni, yanayosafiri juu ya grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomi moja, mawimbi mafupi mara 40 na zaidi kuliko mwanga ulioyaanzisha. Na zote mbili zilionyesha kwamba ukibadilisha volteji, mawimbi nayo yanabadilika.

Ulikuwa ushindi mkubwa na ulisifiwa inavyostahili. Lakini ukizitazama picha zile kwa utulivu unaona jambo jingine. Michirizi ya mawimbi ni michache. Pembeni mwa ukingo wa grafini upo mmoja mkali, unaofuata ni hafifu, kisha inafifia kabisa. Mawimbi yanazaliwa na kufa kabla hayajafika mbali, ilhali nadharia ilikuwa imeahidi maisha marefu zaidi. Uchambuzi huu unahusu pengo hilo kati ya ahadi na picha. Naamini hapo ndipo picha za 2012 zilipofanya kazi yake kubwa: zilionyesha upotevu kwa namna inayohesabika, na kilichohesabika kikaweza kutafutiwa dawa.

Kwanza dhahabu

Wengi wetu tumeshaziona plazmoni kwenye zahanati bila kujua. Kipimo cha haraka cha malaria, kile kinachowekewa tone la damu kutoka kidoleni, kinaonyesha majibu kwa mstari mwekundu au wa waridi. Rangi ile inatoka kwenye chembe za dhahabu zenye upana wa makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), zilizobandikwa kingamwili. Dhahabu ya pete ni ya njano, lakini chembe ndogo kiasi hicho huwa nyekundu, kwa sababu elektroni huru zilizomo ndani ya kila chembe zikisukumwa na mwanga huyumba zote kwa pamoja, kwenda na kurudi, na mdundo wa kuyumba huko unalingana na mdundo wa mwanga wa kijani. Kijani kinamezwa, na kinachotufikia machoni ni chekundu. Kuyumba huko kwa pamoja ndiko plazmoni. Mafundi wa Roma ya karne ya 4 walitumia jambo hilohilo bila kulijua kisayansi: kombe la Lycurgus lililohifadhiwa British Museum ni la kijani ukilitazama kwa mwanga wa nje, na hugeuka jekundu taa ikiwekwa ndani yake, kwa sababu kioo chake kina chembe ndogo mno za dhahabu na fedha.

Elektroni hazilazimiki kufungiwa ndani ya chembe. Juu ya bapa la metali zinaweza kuyumba kwa zamu, hizi zikizisukuma zile, mpaka wimbi likasafiri juu ya uso. Rufus Ritchie aliyatabiri mawimbi ya namna hiyo mwaka 1957, na mwaka 1968 Andreas Otto, na kando yake Erwin Kretschmann na Heinz Raether, walipata njia ya kuyaanzisha kwa kupitisha mwanga kwenye prizimu ya kioo. Vipima-molekuli vingi vinavyotumika katika maabara za dawa leo vimejengwa juu ya kazi hiyo.

Metali ina kasoro mbili ambazo hakuna fundi aliyeweza kuzikwepa. Kwanza, wingi wa elektroni zake umeshapangwa na maumbile. Ukitengeneza kifaa cha dhahabu kikaitikia rangi fulani, kitaitikia rangi hiyohiyo siku zote, na ukitaka nyingine unatengeneza kifaa kingine. Pili, ukilibana wimbi zaidi ndani ya metali, nguvu yake inageuka joto haraka zaidi.

Grafini ilionekana kuwa jibu la kasoro zote mbili. Ni tabaka moja tu la atomi za kaboni zilizopangwa kama pembesita, lile lile linalorundikana kwa mamilioni kufanya grafaiti ya penseli. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walilitenga mwaka 2004 kwa kubandua grafaiti kwa selotepu mara kwa mara, wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2010. Kwa macho ni kitu kinachopitisha mwanga karibu wote: tabaka moja humeza asilimia 2.3 tu ya mwanga unaoonekana. Uzuri wake kwa kazi hii ni kwamba wingi wa chaji zinazotembea ndani yake unaongezwa na kupunguzwa kwa volteji. Unaiweka juu ya silikoni yenye tabaka la kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, unaunganisha nyaya, unageuza kitufe. Kwa maneno mengine, unapata metali ambayo unaamua mwenyewe iwe na elektroni ngapi.

Wananadharia waliliona hilo mapema. Hesabu za plazmoni za grafini zilianza kutoka mwaka 2006 na 2007, na mwaka 2009 Marinko Jablan na Hrvoje Buljan wa Zagreb, pamoja na Marin Soljačić wa MIT, walikokotoa jinsi mawimbi hayo yangekuwa katika eneo la infraredi, mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya mwekundu: mafupi sana, na yenye upotevu mdogo kama grafini ni safi. Mwaka 2011 kundi la Feng Wang wa Berkeley lilikata grafini kuwa vipande vyembamba kama utepe na kuonyesha kwamba vinameza mwanga wa terahezi, wenye mawimbi marefu kuliko infraredi, kama nadharia ilivyosema. Kwa hiyo 2012 hakuna aliyekuwa akishuku sana kama plazmoni za grafini zipo. Kilichokosekana ni kuliona wimbi lenyewe likisafiri, na kupima linakwenda umbali gani.

Mwanga usioweza kushika

Kulimulika tabaka la grafini kwa leza hakutoshi. Chukua mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa mikromita 10 (mikromita ni nanomita 1,000). Plazmoni yenye mdundo uleule juu ya grafini ina urefu wa nanomita 250 hivi, yaani sehemu moja ya 40. Vilele vya mwanga vimeachana mno. Kabla kilele kimoja cha mwanga hakijaisha, chini yake kuna plazmoni 40, nusu zikitaka kusukumwa kulia na nusu kushoto, basi msukumo wote unafutana. Wanafizikia husema mwanga hauna momentamu ya kutosha.

Prizimu ya 1968 ilitatua tatizo hili kwa dhahabu kwa sababu pengo lilikuwa dogo. Kioo hupunguza urefu wa wimbi la mwanga kwa mara moja na nusu, na hiyo ilitosha. Kwa grafini unahitaji kitu kinachoubana mwanga mara 40. Jerimaniamu, iliyo miongoni mwa vitu vinavyoubana zaidi mwanga wa infraredi, inaishia mara 4. Njia ya prizimu ilikuwa imefungwa.

Njia iliyobaki ilikuwa sindano. Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu bila chombo hiki kisa hiki kisingekuwapo, na ni chombo kilichotengenezwa kwa subira kubwa na watu ambao hawakuwa wakifikiria grafini hata kidogo. Fritz Keilmann, akiwa Taasisi ya Max Planck ya Biokemia karibu na Munich, aliitumia miaka mingi kuiunganisha hadubini ya nguvu za atomi, ile inayopapasa uso wa kitu kwa sindano, na leza ya infraredi. Hillenbrand alifanya kazi naye huko, na mwaka 2002 majina yao yalikuwa pamoja kwenye makala kuhusu fuwele ya silikoni kabaidi. Miaka kumi baadaye Hillenbrand alikuwa mmoja wa viongozi wa makala ya Hispania, na Keilmann alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala ya San Diego. Timu zilizoshindana zilikuwa zimekunywa kisima kimoja.

Sindano yenyewe ni kijiti kidogo cha silikoni kilichopakwa metali, na ncha yake ina mviringo wa nusukipenyo cha nanomita kama 25. Inaning'inia juu ya sampuli ikigusa na kuachia, gusa-achia, mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Leza inamulikwa juu ya ncha hiyo. Mwanga wenyewe ni mpana, hauwezi kukusanywa kwenye doa dogo kuliko mikromita kadhaa, lakini metali inaukusanya uga wa umeme pale nchani, na eneo hilo linakuwa dogo kama ncha ilivyo. Uga uliobanwa hivyo una momentamu yote inayohitajika, na zaidi. Ncha ikikaribia grafini, wimbi la plazmoni linazaliwa chini yake na kutawanyika pande zote kwa duara.

Tatizo linalofuata ni kusikia. Mwanga unaorudi kutoka ncha ni kidogo sana ukilinganisha na ule unaoakisiwa na doa zima la leza. Ndiyo maana ncha inagusa na kuachia. Ishara ya mbali inabadilika polepole tu ncha ikipanda na kushuka, lakini ishara ya karibu kabisa inaruka ghafla kila ncha inapogusa, na mruko huo unaacha alama kwenye marudio ya juu: mara mbili, mara tatu, mara nne ya mdundo wa sindano. Kwa kusikiliza marudio hayo peke yake, mtafiti anaitupa kelele yote ya doa na kubaki na kilichotokea ndani ya nanomita chache. Huo ndio ufundi uliochukua miaka.

Kilichoonekana

Mtu aliyesimama kwenye ukuta wa bandari, pale Malindi ya Unguja au Mombasa, ameona mawimbi yanavyopiga ukuta, yanarudi, na yanakutana na yale yanayokuja: mahali pengine maji yanainuka zaidi, mahali pengine yanatulia. Kwenye grafini ukuta ni ukingo wa utando wenyewe, pale kaboni inapokwisha. Wimbi linatoka kwenye ncha, linafika ukingoni, linaakisiwa, linarudi kwenye ncha. Likirudi likiwa sawia na mdundo wa ncha, ishara inapanda. Likirudi kinyume, ishara inashuka. Sindano inapoisogelea kingo hatua kwa hatua, picha inayochorwa ni michirizi inayofuata mkondo wa ukingo. Kwa kuwa wimbi limekwenda na kurudi, umbali kati ya mchirizi na mchirizi ni nusu ya urefu wa wimbi.

San Diego walitumia leza yenye urefu wa wimbi wa mikromita 11.2. Uchaguzi huo una maana: oksidi ya silikoni iliyokuwa chini ya grafini yao ina mtetemo wake mkali karibu na mikromita 9, na kama wangekaa karibu na hapo, ishara ya msingi huo ulioibeba grafini ingechanganyika na ishara ya grafini. Plazmoni walizopata zilikuwa na urefu wa nanomita kama 200. Hispania walitumia grafini iliyokuzwa juu ya fuwele ya silikoni kabaidi. Fuwele inapashwa moto mkali, atomi za silikoni zinaondoka, kaboni inayobaki juu inajipanga yenyewe. Walipiga picha za vipande vinavyozidi kuwa vyembamba kuelekea upande mmoja, wakaona wimbi linavyopata nguvu penye upana fulani na kupoteza penye upana mwingine.

Mchambuzi makini atauliza: mtu atajuaje kwamba michirizi hiyo ni mawimbi, na si mikunjo ya utando au uchafu wa ukingoni? Swali hili lina majibu matatu, na ndiyo yanayonifanya niziamini kazi hizi. La kwanza, sindano ileile inachora ramani ya miinuko wakati huohuo, na ramani hiyo ilikuwa tambarare pale michirizi ilipo. La pili, urefu wa mawimbi ulifuata hali ya mwanga na ya msingi kama nadharia ilivyotaka. Mkunjo haujali umemulikwa kwa leza gani. La tatu ndilo lenye uzito zaidi. Walipobadilisha volteji, michirizi ilisogea. Chaji zikiongezeka wimbi linarefuka, zikipungua linafupika na kufifia hadi kutoweka. Katika grafini, ukizidisha wingi wa chaji mara nne urefu wa wimbi unazidi mara mbili. Uchafu hauna tabia hiyo. Na kwamba timu mbili, kwenye misingi miwili tofauti, zilipata picha za aina moja, kuliondoa shaka kwamba msingi ndio uliokuwa ukidanganya.

Wasifu mwingine wa matokeo haya nitaupitia haraka: kwa vigezo vya kawaida vya fani hii, vinavyolinganisha ubanaji na upotevu, sampuli za San Diego ziliishinda metali ya kawaida. Hilo lilitangazwa, na ni sahihi.

Kwa nini michirizi ilikuwa michache

Sasa tufike kwenye kiini. Timu ya Basov haikuishia kuonyesha picha. Walichukua mchoro wa ishara kutoka ukingoni kuelekea ndani na kupima unavyofifia, na kutokana na hapo wakakokotoa upotevu. Ulikuwa mkubwa kuliko ulivyotarajiwa kwa kutazama tu jinsi grafini ilivyopitisha umeme. Wakaandika waziwazi kwamba hiyo ni dalili ya jambo kwenye elektroni za grafini linalohitaji maelezo.

Watuhumiwa walikuwa kadhaa. Huenda elektroni zenyewe zilikuwa zikisumbuana, na hapo hakuna fundi ambaye angeweza kufanya lolote, kwa sababu kasoro ingekuwa ndani ya grafini. Huenda ni mitetemo ya atomi za kaboni, inayotokana na joto la kawaida la chumba. Huenda ni uchafu: mabaki ya plastiki na gundi za utengenezaji, maji kutoka hewani. Au ni msingi. Oksidi ya silikoni haina mpangilio wa fuwele, uso wake una vilima na mabonde, na ndani yake kuna chaji zilizonaswa ovyo. Grafini haina sehemu ya ndani ya kujificha. Kila atomi yake iko usoni. Chaji moja iliyonaswa nanomita moja chini yake inasikika na elektroni zote zinazopita juu. Dalili ya hilo ilikuwapo hata bila leza: grafini ya namna hiyo ikikaa hewani hujikuta na chaji nyingi hata volteji ikiwa sifuri.

Ungeweza kubishana kuhusu watuhumiwa hawa miaka mingi kama kipimo pekee kingekuwa mchoro wa ufyonzaji wa mwanga unaojumlisha sampuli nzima. Picha ya michirizi ilibadilisha aina ya mjadala. Badilisha kitu kimoja, piga picha tena, hesabu michirizi. Ikiongezeka, umempata mmoja.

Kitu kilichobadilishwa kilikuwa msingi. Tangu mwaka 2010 kundi la Chuo Kikuu cha Columbia, James Hone akiwa mmoja wao, lilikuwa limeonyesha kwamba grafini ikilazwa juu ya boroni nitridi ya pembesita inapitisha umeme vizuri zaidi. Boroni nitridi hii ina mpangilio karibu sawa na wa grafini, ila atomi zake ni boroni na nitrojeni, haipitishi umeme, na ikibanduliwa inakuwa tambarare atomi kwa atomi. Fuwele safi kabisa zilitoka kwa Takashi Taniguchi na Kenji Watanabe wa taasisi ya NIMS mjini Tsukuba, Japani, wanaozikuza kwa mgandamizo na joto kubwa. Ukisoma makala za grafini za miaka kumi na tano iliyopita utakutana na majina yao karibu kila mahali, kwa sababu maabara nyingi za dunia zilitegemea fuwele zao. Ni mchango mkubwa ambao hautajwi vya kutosha.

Utengenezaji wake unafaa kuuona kwa karibu. Filamu ya plastiki laini inashushwa juu ya kipande chembamba cha boroni nitridi na kukiokota. Kipande hicho kinashushwa juu ya grafini, na grafini inang'ang'ania boroni nitridi kuliko inavyong'ang'ania silikoni, basi inainuka nayo. Kisha vyote viwili vinalazwa juu ya kipande kingine cha boroni nitridi. Grafini imefungiwa katikati. Uso wake haukugusa plastiki wala gundi wakati wote, na mapovu ya uchafu yaliyobaki katikati yanajikusanya pembeni, mahali pengi yakiacha eneo safi.

Mwishoni mwa 2014 Koppens, Hillenbrand na wenzao, safari hii pamoja na Hone, na wananadharia kama Marco Polini wa Pisa, walitoa matokeo ya sampuli za namna hiyo katika jarida la Nature Materials. Mawimbi yalikuwa yamebanwa mara 150 kuliko mwanga, zaidi ya 2012, na bado yaliishi kwa femtosekunde kama 500. Femtosekunde moja ni sehemu ya milioni bilioni ya sekunde, kwa hiyo 500 zinaonekana si kitu. Lakini mdundo mmoja wa mwanga wa eneo hilo unachukua femtosekunde 35 hivi, maana yake elektroni zilipata kuyumba mara kumi na kadhaa kabla wimbi halijazimika. Kwenye picha zao michirizi inaendelea na kuendelea. Na safari hii upotevu uliobaki ulielezeka: mitetemo ya joto ya atomi za kaboni, na kiasi fulani cha umezaji wa boroni nitridi yenyewe. Yale mashaka mazito ya kwamba elektroni za grafini zina ugonjwa wa ndani yalipungua sana.

Baadaye Basov, akiwa amehamia Columbia, aliuliza swali lililobaki kwa njia ya moja kwa moja: tukiondoa joto itakuwaje? Kuifanya sindano inayogusa na kuachia ifanye kazi ndani ya chombo cha ombwe chenye baridi kali ni kazi ngumu; kila kitu kinasinyaa, leza inapoteza shabaha. Walifaulu, na matokeo yakatoka Nature mwaka 2018. Kwenye baridi ya nitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, plazmoni za grafini iliyofungiwa zilikuwa na uwezo wa kusafiri zaidi ya mikromita 10, sawa na urefu wa mawimbi 50. Michirizi miwili mitatu ya 2012 ilikuwa imegeuka msafara. Katika baridi hiyo mitetemo ya kaboni ilikuwa na mchango mdogo tu. Kilichokuwa kikiyamaliza mawimbi ni umezaji wa tabaka za boroni nitridi. Hata penye usafi wa hali ya juu namna hiyo, mla nguvu mkuu alikuwa jirani wa grafini, na grafini yenyewe ilikuwa na hatia ndogo.

Kinachofaa na kisichofaa kutarajiwa

Mara nyingi nasikia watu wakiunganisha habari za grafini na grafaiti yetu ya Mahenge, Tanzania, wakiamini kwamba teknolojia hii ndiyo itakayoipandisha bei. Naelewa matumaini hayo, na ni haki kutaka madini yetu yathaminiwe. Lakini soko la grafaiti linasukumwa na betri. Grafini ya majaribio haya hupimwa kwa mikromita, na sehemu yake hukuzwa kwenye fuwele bila grafaiti kabisa. Kipande kimoja kinatosha maabara kwa miezi.

Tarajio la pili linalohitaji kurekebishwa ni la rangi. Plazmoni za grafini ni za infraredi. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ya mikromita 10 ina nishati ya elektronivolti 0.12 tu, ilhali ya mwanga mwekundu ina karibu 1.9. Nishati ya fotoni ikizidi mara mbili ya kiwango ambacho chaji zimejaza, grafini inaimeza moja kwa moja na wimbi halina nafasi. Volteji ya kawaida kupitia oksidi inajaza sehemu ya kumi chache za elektronivolti. Kwa hiyo mstari mwekundu wa kipimo cha malaria utaendelea kuwa kazi ya dhahabu kwa muda mrefu, na anayeuza "rangi za grafini" kwa msingi wa plazmoni anauza hewa.

Lakini infraredi ina utajiri wake. Molekuli hutetema humo, kila moja kwa mtindo wake. Vifungo vya protini vinameza mwanga karibu na mikromita 6. Molekuli ni ndogo mno kuliko urefu wa wimbi hilo, kwa hiyo mwanga wa kawaida unazipita bila kuzihisi sana. Wimbi lililobanwa kwenye nanomita chache juu ya grafini linazigusa. Mwaka 2015 kundi la Hatice Altug wa chuo cha EPFL, Lausanne, Uswisi, pamoja na watafiti wa ICFO, lilionyesha katika jarida la Science kipima-protini cha grafini ambacho unakitembeza kwa volteji kutoka mtetemo mmoja hadi mwingine, kifaa kilekile, bila kutengeneza kingine. Hii ndiyo kasoro ya kwanza ya dhahabu niliyoitaja, na hapa ilikuwa imetibiwa. Kipima hicho hakikuhitaji mawimbi ya kusafiri mikromita 10. Mawimbi ya kuyumba ndani ya utepe mwembamba yalitosha, hata kwenye msingi wa kawaida na joto la chumba.

Anayetaka mawimbi yanayosafiri, kwa mfano kupeleka ishara kutoka pembe moja ya chipu hadi nyingine, ana vizuizi viwili mbele yake. Boroni ya asili ni mchanganyiko wa isotopu mbili, yaani atomi za aina moja zenye uzito tofauti, karibu asilimia 20 ya boroni 10 na asilimia 80 ya boroni 11, na mchanganyiko huo unavuruga mitetemo ya fuwele. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba fuwele ya boroni nitridi iliyokuzwa kwa isotopu moja karibu tupu ina mitetemo inayodumu muda mrefu zaidi kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo upande wa jirani bado una nafasi ya kusafishwa. Mitetemo ya joto ya kaboni haisafishiki kwa njia hiyo. Kwenye joto la chumba itabaki pale hata grafini ikiwa kamilifu, na kila mchoro wa kifaa cha plazmoni zinazosafiri ni lazima uamue kwanza kama utabeba chombo cha baridi au utaridhika na mikromita chache.